Habari za Bwana Nimesikia na Hedifoni Tatu

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na nafasi ya kuyatumia. Wekeni vikombe chini, zimeni redio, na yule anayetafuna karanga kule nyuma ameze kwanza, maana habari hii siirudii. Wengine wamewasimulia vita vya wafalme na miji iliyotekwa, nanyi mkasinzia. Mimi nawaletea jambo zito kuliko hayo yote: jinsi mwanamume mmoja, mpole wa sura na mzito wa masikio, alivyoingia duka la vyombo vya muziki siku ya Jumamosi ili kuchagua hedifoni, na jinsi ndoa yake ilivyosimama mlangoni ikimsubiri.

Kazi ya shujaa huyu ni kuandika mikutano. Watu hurekodi vikao vyao, humtumia sauti, naye huketi sebuleni mbele ya kompyuta, hedifoni kichwani, akiyageuza maneno yao kuwa maandishi. Nani alimkatiza mwenyekiti, nani alipiga chafya wakati wa sala ya kufungua, yeye ndiye ajuaye. Jioni alisikiliza muziki kwa hedifoni zilezile, na safarini alizivaa ili kelele za abiria zisimfikie. Basi katika maisha hayo alikuwa amejijengea ngome ya neno moja tu, nalo ni "nimesikia". Mkewe akisema gesi imekwisha, nimesikia. Akisema mama anakuja Jumanne, nimesikia. Neno lilimtoka lenyewe, bila kupitia kichwani, kila alipohisi tu kwamba mahali fulani pana mtu anasema.

Na mkewe si mtu wa kunong'ona. Yeye ni malkia wa cherehani, mshonaji wa sare za shule, mwenye sauti iliyozoea kupita juu ya mashine. Jumapili moja kitasa cha bafu kikagoma, naye yumo ndani. Akaita: mume wangu, nimefungiwa, njoo. Kutoka sebuleni likaja jibu tulivu la mtu anayejali: "Nimesikia." Mama wa watu akapindua ndoo, akaikalia, akasubiri kuokolewa. Akaita tena, akajibiwa tena vilevile. Aliyemtoa hatimaye ni mdogo wake, anayeishi nao, aliporudi kutoka sokoni; naye anaapa kwamba alimkuta shemeji yake sebuleni, macho kayafumba, anatikisa kichwa kwa tarumbeta. Hedifoni zile zilivunjwa na nani, wanahistoria hawajaafikiana, ingawa zilikutwa chini ya mguu wa cherehani.

Tangu siku hiyo malkia hakusema naye neno. Alisema na mdogo wake, na mdogo wake akapeleka. Shemeji, dada anasema chakula tayari. Shemeji, dada anasema uondoe miguu hapo. Meza ilikuwa moja, na katikati yake balozi. Shujaa wetu alikonda jamani, msicheke. Alikuwa radhi agombezwe hadi kuche kuliko kuombwa chumvi kupitia kwa mtu wa tatu.

Masharti ya vita yalimfikia kwa njia hiyohiyo, Ijumaa, akiwa anakunywa chai.

"Shemeji," balozi akasema, "dada anasema ununue nyingine, kazi ni kazi. Lakini uchukue moja tu, na sisi tutakuja. Hukohuko dukani utaitwa. Usiposikia, yeye anakwenda kukaa kwa mama, na kurudi atarudi akijisikia."

Mnaona uzito wake? Hapo ndipo yule bwana alipokichana nywele kichwa ambacho hakijachanwa tangu harusi, akavaa viatu vya kamba, akatoka kwenda kupigana.

Duka lilikuwa jembamba, refu, lenye feni inayolalamika darini na mlango ulio wazi kuelekea barabarani. Mwuzaji, kijana mwembamba mwenye miwani mikubwa, alimpokea kama mshenga apokeaye bwana harusi asiyejua anachokitaka. Akamweleza kwa kirefu kwamba hedifoni haichaguliwi kwa bei wala kwa kung'aa, bali kwa kile unachokwenda kusikiliza na mahali utakapokaa ukikisikiliza: kuna ya kazi, kuna ya safari, kuna ya mtu aliyekaa kwake akitaka muziki.

Shujaa akanyoosha mgongo, akanena: "Kijana, mimi nimekaa katika vikao vya watu kuliko watu wenyewe. Nataka moja. Iwe ya kazi, iwe ya safari, iwe ya starehe, na nikiitwa nisikie."

"Hiyo haipo, mzee wangu," mwuzaji akajibu kwa huruma. "Ingekuwepo, ningeivaa mimi."

Silaha ya kwanza ikashuka rafuni: nyeusi, nene, vikombe vyake vimezibwa pande zote kwa ngozi. Ni ya kazi. Shujaa akaichomeka kwenye simu yake, akafungua kikao cha wenye nyumba waliogombania geti, na lahaula, akamsikia mweka hazina akimeza mate kabla ya kusema uongo! Hajawahi kusikia uongo safi namna ile. Akainama juu ya simu kwa furaha ya kitaaluma. Nyuma yake, mlangoni, malkia na mdogo wake walikuwa wamekwisha kufika; shemeji akaita, sauti ya kawaida tu, ya nyumbani. Kimya. Akaita tena. Na shujaa, bila kugeuka, bila haya, akajibu:

"Nimesikia."

Feni yenyewe nadhani ilisita. Malkia akakunja mikono. Shemeji akamgusa bega, akamwuliza basi amesikia nini, naye akababaika kwamba ameambiwa zimempendeza. Kumbe ameambiwa kamba ya kiatu imefunguka. Akapiga hatua moja ya kujitetea, akaikanyaga, akaikumbatia rafu ya spika asianguke. Hivyo ndivyo lilivyopotea pambano la kwanza, na mimi nawapa pole walioweka matumaini yao kwake.

Silaha ya pili ilikuwa ya safari, nyepesi, ya kijivu, haina waya, nayo ina kitufe. Mwuzaji alipokibonyeza, dunia ikazimwa. Feni ikafa, barabara ikafa, na kikohozi cha mwuzaji kikabaki kinaonekana tu. Shujaa hakufungua muziki wowote. Alisimama palepale akafumba macho, na usoni pake pakashuka raha kubwa, raha ya mtu aliyevuliwa mzigo asioujua. Hakuna aliyemwita. Hakukuwa na haja. Alipozivua, balozi alikuwa anamtazama vibaya.

"Shemeji, dada anasema hata siku ya harusi hukuwa na uso huo."

Hilo lilimwuma. Lilimwuma kwa kuwa lilikuwa kweli, na kwa kuwa mwenye maneno hayo, malkia, alikuwa amegeukia upande wa magitaa, anajifanya anasoma bei. Akazirudisha zile za kijivu mezani kwa mkono wake mwenyewe, ingawa mkono, tuseme ukweli, ulichelewachelewa.

Ikabaki ya tatu, iliyo wazi. Ubavuni pake haina kuta, ina wavu tu, hewa inaingia na kutoka. Mwuzaji akamtahadharisha kama mkaguzi wa daraja bovu: hii sauti yake ni pana kuliko zote, lakini inavuja. Wewe utawasikia walio nje na walio nje watakusikia wewe. Kwenye gari utachekwa, na kama nyumbani kuna mashine yoyote, itaingia yote. Shujaa akaivaa, akafungua tarumbeta zake. Zikamjia si kichwani bali chumbani, moja karibu na dirisha, nyingine huko mlangoni, na katikati yake feni ikilalamika kama kawaida.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo dunia ilipogeuka. Balozi alikuwa ametoweka. Mwili wake ulikuwepo, ila alikuwa amezijaribu zile za kijivu, amebonyeza kitufe, amefumba macho. Malkia akamwita, mdogo wangu, hebu mwambie huyu. Akamwita tena. Mjumbe akatabasamu peke yake. Na malkia, alipoona serikali yake yote imekuwa kiziwi, akaja mwenyewe. Akasimama mbele ya mumewe, akasema kitu, si kwa sauti yake ya cherehani bali kwa sauti ndogo, na wakati huohuo lori likapita barabarani likanguruma.

Shujaa aliona mdomo umecheza. Na lile neno, jeshi la miaka yote ya ndoa, likapanda kooni, likafika ulimini, likagonga meno. "Nime..." Akaliuma. Nawaambia aliliuma. Akavua hedifoni, akazishika kifuani kwa mikono miwili.

"Sijasikia," akasema. "Lori limepita. Ulikuwa unasemaje?"

Malkia akasogea hatua moja.

"Nimesema siku ile niliogopa," akarudia. "Siyo kufungiwa. Uliposema umesikia, nikakaa nikakuamini. Kadiri ulivyochelewa ndivyo nilivyoogopa kwamba labda huko sebuleni wewe ndiye umeanguka."

Hotuba aliyoiandaa tangu Ijumaa, yenye vifungu na mifano, ilimtoka yote kichwani. Akasema tu, "Nisamehe, mke wangu." Mwuzaji, mtu wa biashara, akakohoa akauliza sasa wanachukua zipi. Shujaa akainua zile za wavu. Kijana akamkumbusha kuhusu mashine.

"Ni cherehani," shujaa akasema. "Acha iingie."

Shemeji akavua zake wakati huo, akauliza kuna nini, mbona wote wamenyamaza, na hakuna aliyempelekea habari.

Andikeni basi, enyi mnaopenda tarehe: ilikuwa Jumamosi, kabla ya saa sita, mbele ya kaunta. Malkia akavua miwani yake, akafungua mkoba ili atoe kitambaa cha kuifutia, mikono ikamjaa, akageuka, akampita mdogo wake aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono, na akasema, kwa yule bwana mwenyewe, uso kwa uso:

"Shika mkoba."

Naye, bila kujibu neno lolote, akaushika.