Vita vya Siro na Marakuja Butembo

Tegeni masikio, enyi wa Butembo na Beni, nanyi mliokimbilia Kasugho na godoro kichwani. Acheni mahindi yaungue kidogo, maana zasimuliwa leo habari za Ézéchias mjane, simba wa koti lenye viraka, ngome asiyewahi kumsifu mkubwa yeyote, wala wa Kinshasa wala wa waasi.

Mwaka ule ambao majeshi yalikuwa mengi kuliko chumvi, chef Ananie, bwana wa mihuri, alitangaza kwamba siro yake, kinywaji cha chupa cha rangi ya machungwa, yashinda matunda yote kwa vitamini, na kwamba depo yake itajengwa pale penye shina la marakuja, yaani pasheni, alilopanda marehemu Kavuo, mke wa Ézéchias. Mjane akasimama mbele ya panga. Akasema wakubwa walikwisha kula barabara, wakala na dawa ambayo ingemponya Kavuo, sasa wataka kula hata kivuli chake. Ndipo wakapatana: siro na marakuja zipimwe vitamini, na siro ikishindwa, shina libaki.

Mwamuzi akawa Virginie muuguzi, aliyetumiwa na dada yake kutoka Ulaya kichupa cha unga ambao chembe zake ni ndogo hata kunguni hawezi kuzikanyaga. Jikoni kwa mjane, mlango ukiisha kufungwa ili kuwe giza, akautia majini katika gilasi mbili, akamulika kwa ile taa ya buluu ambayo wachuuzi hutambulia dola za uongo. Na tazama, maji yakawaka kijani kama macho ya paka.

Likashuka tone la siro katika gilasi ya kwanza. Nuru ikasimama imara. Wamama wa kanisa waliokuja kushuhudia, wanaojua tangu utoto kwamba nuru ni ya Mungu, wakaanza wimbo wa shukrani, na Ananie akapunga kofia.

Likashuka tone la marakuja katika gilasi ya pili. Nuru ikafifia, ikafa.

“Mzee, kata shina weye mwenyewe,” akasema Ananie. “Hata taa imekukataa.”

“Kavuo, unisamehe,” akanena shujaa. “Hawa bakubwa banauzisha hata mwanga.”

“Muache kwanza kuimba,” akasema Virginie. “Niliwaeleza mbele ya kuanza, lakini mulikuwa munaomba. Ule unga ukikutana na vitamini, unazimika. Ya mzee imezimika. Yako, chef, ni maji na rangi tu.”

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Ananie akaondoka na panga lake, na Ézéchias, akijifuta macho, akadai kwamba alijua tangu mwanzo.

Basi na ikumbukwe: wengine waliteka miji kwa mizinga, wakaipoteza kabla nguo hazijakauka, yeye aliokoa shina moja kwa tone moja, na katika vita vyote vile, ndiyo siku pekee ambayo Butembo ilishangilia giza.