Upepo Usiokwisha Kwenye Breki

Jumatatu, 4 Machi

Pedali imezama tena! Leo imefika sakafuni, laini kama ndizi mbivu. Bahati tulikuwa bado uani. Baba, aliyeketi kando yangu, alishuka akaenda zake kwa miguu, na hilo limenichoma kuliko matusi.

Wakati wa chakula akatangaza. Atakayeifanya pedali iwe ngumu, na ibaki ngumu hadi Jumamosi, gari ni lake. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama shemeji!

Shemeji ni mume wa dada yangu. Gari hana. Maoni anayo, tele. Akasema breki si mtihani wa chuo, shemeji yangu, huwezi kuzikariri. Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa mbinu.

Kazi mpya inaanza wiki ijayo, nao wanataka mtu mwenye usafiri wake. Bila gari, nafasi ataichukua mwingine. Lazima nishinde.

Jumanne, 5 Machi

Nimesoma kuhusu breki mpaka macho yakauma. Jambo ni wazi. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Upepo ukiingia kwenye mabomba, mguu unaukamua upepo, gurudumu halina habari. Dawa: mmoja akanyage, mwingine alegeze kinati kilicho nyuma ya gurudumu, upepo utoke na mafuta, kisha akikaze. Rahisi!

Wa kukanyaga nimempata: shangazi, dada yake Baba. Mtiifu, na ana uzito wa kutosha. Aliuliza kinachotolewa ni upepo au pepo, maana kama ni pepo yeye anashuka. Nikamtuliza. Nikalala chini na spana.

Nikaita, “Kanyaga!” Akakanyaga. Nikaita, “Naachia!” ili ajue kinati nakiachia. Mapovu! Nikakaza. Tukarudia mpaka shangazi, kwa kuchoka, akaanza kunisalimia kama mgeni. Mapovu hayakupungua. Yaliongezeka!

Jumatano, 6 Machi

Pedali sakafuni. Sielewi. Nimepapasa kila bomba: kavu. Mipira: mikavu. Kopo la mafuta limejaa. Hakuna tundu, hakuna tone, lakini upepo umo. Umepita wapi? Kuna mambo yaingiayo moyoni hivyo hivyo, bila mlango. Nimelitafakari hilo muda mrefu bafuni, Mama akagonga.

Nimemhoji shangazi kwa ukali kidogo. Aliapa hana kosa. Alisema, “Wewe si unaniambia achia, mwanangu? Nami naachia. Mguu nautoa hapo hapo, sikucheleweshi.” Basi yeye ni safi. Utii wa namna hii haupatikani siku hizi.

Amebaki mshukiwa mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako! Na huyu anakula nasi mezani kila jioni. Nimenyunyiza unga kuzunguka gari ninase nyayo zake.

Alhamisi, 7 Machi

Nyayo zimepatikana! Za kuku wa jirani, na za viatu vyangu. Kwa hiyo shemeji huvaa viatu vyangu. Nimempelekea dada ushahidi. Akasema mguu wa mumewe ni kama mtumbwi, hauingii hata kwenye ndoo. Mapenzi ni kipofu.

Mama anauliza unga umekwenda wapi. Nimesema uchunguzi unaendelea.

Ijumaa, 8 Machi

Maafa. Shemeji ameomba zamu yake. Amemkalisha shangazi, akalala chini, na yote nimeyaona kutoka dirishani. Amemwamuru, “Shangazi, nikifungua usiinue mguu! Ukiinua, kinati kinanyonya upepo. Ubane huko chini mpaka niseme nimefunga.”

Ukatili ulioje! Mtu mzima, kakanyaga mpaka ganzi ikampanda. Mimi sijawahi kumtesa hivyo. Tena huyu bwana alikuwa akiimba.

Pedali imekuwa ngumu kama jiwe. Sielewi kabisa. Upepo uliupeleka wapi, shemeji? Bila shaka umerudi ulikotoka, kwa bwana wake.

Jumamosi, 9 Machi

Baba alikuwa na ufunguo mkononi. Nikasema kabla ya kukabidhi, kazi ikaguliwe na mtu asiye na upande, yaani mimi. Nikamwita shangazi, nikalala na spana. Kanyaga! Naachia! Nikakaza. Mara kadhaa tu, kwa uangalifu mkubwa.

Pedali ikazama! Niliruka nikagonga kichwa. Nikapiga kelele kwamba kazi ya shemeji haikudumu hata siku moja, waje waone!

Baba akaja. Hakunitazama. Alimwuliza shangazi amefanya nini. Shangazi akasema ameambiwa achia, akaachia. Baba akarudia polepole, achia. Shemeji akakaa chini, machozi yanamtoka. Dada akashika ukuta. Wakacheka mpaka kuku wakatawanyika. Nimewauliza kuna nini. Kila aliyefungua mdomo kunieleza alianza upya kucheka.

Ufunguo amepewa shemeji. Amesema nisijali, breki ataziweka sawa kesho mchana, na Jumatatu atanipeleka kazini mwenyewe, kila siku nikitaka. Anataka kujua ninakofanya kazi!

Nimejifungia chumbani kuwaza, na hatimaye nimeelewa. Kosa ni la shangazi. Mzito. Kati ya sauti yangu na mguu wake kuna kauvivu fulani, na upepo unapenyea hapo. Kesho asubuhi, kabla shemeji hajaamka, nitamkalisha Mama. Mama ni mwepesi. Nikisema naachia, mguu wake utakuwa juu kabla sijafunga mdomo.