Nyumba Isiyopigwa Msumari

Kufuli lililia tik gizani. Kisha likalia tena, mlango wa pili. Umeme ulikuwa umekatika, na alfajiri ile uani hapakuonekana kitu, ila kila mpangaji aliyekuwa macho alijua ni mkono wa nani. Mwenye nyumba alikuwa anawafungia waliochelewesha kodi, na kama mtu yumo ndani, hiyo ni shauri yake. Mtaani walimwita Bwana Kufuli. Mwenyewe alilipenda jina hilo, akidhani ni cheo.

Chumba cha tatu alilala fundi cherehani na binti yake mdogo. Kwenye mkeka, kati ya cherehani na ndoo ya maji, alilala mdogo wake fundi, aliyekuja "kukaa siku mbili" na bado alikuwa anazihesabu. Huyu ndiye mtu wetu. Mjini walimwita Nikwambie, kwa kuwa kila jambo lake lilianza na "ngoja nikwambie," na waliongoja wakaambiwa walirudi kwao bila saa, bila simu, na mmoja bila shamba. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa na gari. Lilikuwa jekundu, linang'aa kama kucha za bibi harusi, na liliwaka asubuhi tu. Likishapata joto ukalizima, mpaka kesho. Lakini mtu anayeshuka kwenye gari linalong'aa haulizwi anafanya kazi gani.

"Fundi," sauti ya Kufuli ilisema mlangoni. "Uko macho?"

"Sasa niko macho, baba."

"Wewe sikufungi, umelipa. Lakini mwisho wa mwezi mnatoka wote. Nabomoa. Najenga maduka, vioo mbele."

"Tutakwenda wapi?"

"Dunia ni pana, fundi."

Akaenda zake. Fundi alibaki amekaa kitandani. Wateja wake wote walikuwa barabara ile. Nani atavuka mji mzima kwenda kupunguzwa kiuno cha suruali? Na shule ya mtoto ilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Kwake yeye kuhama hakukuwa kubeba vitu. Kulikuwa kuanza upya, na alishaanza upya mara mbili.

"Dada, usilie," Nikwambie alinong'ona.

"Silii. Natafuta kiberiti."

Siku hiyohiyo Nikwambie alipita mbele ya posta ya zamani, akakutana na riziki yake imetundikwa ukutani. Ilikuwa kibao. Serikali inakusudia kulitangaza jengo hili kuwa Urithi wa Taifa, kilisema. Ni marufuku kubomoa, kuongeza, kupaka rangi wala kupiga msumari bila kibali. Wananchi wenye maoni wafike Idara ya Mambo ya Kale, Jumatano asubuhi. Alikisoma kwa unyenyekevu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Kisha akaenda kwa mchora mabango.

"Niandike yote?" mchora mabango aliuliza. "Hata hii ya Jumatano?"

"Yote. Ukianza kuruka mistari, watu watasema umeghushi." Akachukua brashi, akamsaidia kujaza rangi nyeupe kwenye herufi.

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo ufundi unapomponza mwenyewe. Tapeli mvivu angeandika nusu, akasalimika.

Kesho yake kibao kilining'inia juu ya mlango wa nyumba, kimenyooka kama askari wa gwaride. Bwana Kufuli alipokuja mchana kuonyesha mahali pa vioo, alikuta chini yake bwana mmoja wa suti na miwani, anaandika na kutikisa kichwa. Kufuli hakuwahi kumwona. Nyumba hiyo aliijia gizani, na wapangaji aliwajua kwa milango yao tu.

"Pole sana, mzee wangu," alisema bwana wa suti.

"Pole ya nini?"

"Ngoja nikwambie. Mtu anapendekeza mahali. Wataalamu wanakuja kupakagua. Wananchi wanatoa maoni. Waziri anatia sahihi, inatoka kwenye Gazeti la Serikali. Ikishatoka, imetoka."

"Lakini nyumba ni yangu."

"Inabaki yako, kama binti yako anavyobaki wako akishaolewa. Utakuja kumjulia hali. Kumwamrisha, basi."

Kufuli alikitazama kibao. "Hata msumari?"

"Msumari unaombewa kibali. Nyundo inatolewa maelezo. Bati likivuja unalitengeneza kwa gharama yako, lakini lifanane na la zamani."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mpenzi tu wa vitu vya kale. Ugonjwa wangu huo." Nikwambie aliupapasa ukuta, na chokaa ikamdondokea kiatuni. "Ningekuwa na uwezo ningekutua mzigo huu. Lakini mali yangu yote ni lile gari."

Kufuli aligeuka. Gari lilikuwa limesimama barabarani, jekundu, linameremeta juani. Akamtazama yule bwana wa suti jinsi fisi anavyomtazama mwanakondoo aliyepotea njia.

Walibadilishana kwa mwanasheria, asubuhi na mapema, kwa sababu ambayo wewe unaijua na Kufuli hakuijua. Gari likawaka kwa mguno mmoja. Kufuli aliondoka akipiga honi. Nikwambie akabaki na nyumba, na mpango wake mfupi: kung'oa kibao, kumuuzia kiwanja mwenye vituo vya mafuta, na kumtafutia dada yake chumba kizuri mahali pengine. Hilo la mwisho alilikusudia kwa moyo safi, na wala hakuwa amelifikiria zaidi ya hapo.

Jioni ya Jumanne dada yake alimwekea chakula, akakaa mbele yake.

"Mdogo wangu. Kile kibao kinasema hatuhami?"

"Dada, ngoja nikwambie..."

"Usiniambie. Nakuuliza."

Nikwambie alilikata tonge akalitazama sana. Fundi naye alivitazama vidole vya mdogo wake. Kwenye kucha kulikuwa na rangi nyeupe, ileile ya herufi za mlangoni. Akamwongezea mchuzi.

Asubuhi alikifunika cherehani chake, akavaa gauni lake la heshima, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine.

Idara ya Mambo ya Kale ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Afisa wa hapo, mama mmoja wa makamo, kila Jumatano alipanga viti vya wenye maoni, na kila Jumatano vumbi ndilo lililovikalia. Mlango ulipofunguka alidhani wamepotea njia ya magodoro.

"Mmekuja kutoa maoni?"

"Ndiyo, mama," alisema fundi.

"Wote?"

"Na wengine wako kwenye ngazi."

"Kuhusu posta?"

"Kuhusu nyumba yetu."

Afisa aliuliza mtaa, akakunja uso. "Hiyo sijaiwekea kibao."

"Najua, mama. Lakini kibao kimesema tuje, tumekuja. Mtu wa kawaida haruhusiwi kupendekeza?"

"Anaruhusiwa. Yeyote." Afisa alishika kalamu. "Haya, niambie. Nyumba yenu ina nini cha taifa zima?"

Njia nzima fundi alijitayarisha kwa kila swali, isipokuwa hilo. "Sitakudanganya," alisema. "Historia sina. Nina mtoto."

Ndipo akacheka bibi wa chumba cha mwisho, anayefulia watu nguo mpaka leo. "Ala, si tuseme yale ya shati?"

"Shati gani, bibi?"

"La Gavana. Enzi za mkoloni pale palikuwa pa madobi. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Wakakatwa ujira, wakagoma. Wakalifungia shati lake la gwaride uani, bichi, na doa lake la chai. Mimi nilikuwa mtoto, kazi yangu kulikalia."

Afisa aliweka kalamu chini. Nyuma yake, ukutani, ilining'inia picha ya zamani: Gavana kwenye gwaride, amevaa koti la mvua, na jua linawaka. Mgomo ule ulikuwa umeenea mji mzima, ukaishia kwa wafanyakazi wote kuongezwa ujira. Miaka yote alitafuta ulianzia nyumba gani.

"Mabirika ya kufulia bado yapo?" aliuliza taratibu.

"Yapo, yaleyale ya mawe. Jana nimefulia."

Wakati huo Nikwambie alikuwa uani na mwenye vituo vya mafuta, anamwonyesha mahali pa pampu.

"Na haya mawe?" tajiri aliuliza, akipiga teke birika.

"Hayo? Greda dakika moja."

"Greda la nani?" ilisema sauti mlangoni.

Afisa aliingia, na mtaa mzima nyuma yake. Alipiga magoti kwenye mabirika, akapitisha kiganja kwenye jiwe lililolika kwa mikono ya watu. Aliposimama alimwambia tajiri kwa adabu kwamba kuanzia saa ile pale hapaguswi, sheria inaruhusu kinga ya muda mpaka Waziri aamue. Tajiri alitazama saa yake, akasema ana kikao. Hakuonekana tena.

"Mwenye nyumba ni nani?"

Vidole vyote vilimwelekea mtu mmoja. Nikwambie alijiona kama nguo kwenye kamba.

"Mheshimiwa," alisema, akikimbilia mahali ambapo hajawahi kukimbilia, yaani ukweli, "kibao kile si cha serikali. Nilikichongesha mimi. Kwa hiyo mambo yote haya ni batili."

"Kibao nilikijua toka barabarani. Vyetu havijawahi kunyooka." Afisa alijifuta magoti. "Kukighushi ni kosa la jela. Ila mwenye nyumba akiilinda kwa hiari, akatengeneza bati, akawaacha wapangaji kwa kodi ileile, naweza kusema alitutangulia tu kwa uzalendo. Unasemaje?"

Nikwambie alimtafuta dada yake kwa macho. Fundi alikuwa anamfunga binti yake kamba ya kiatu, hana habari.

"Dada, ulijua?"

"Ukipaka rangi, uwe unanawa."

Ilitoka kwenye Gazeti la Serikali. Kibao halisi kililetwa, kikatundikwa upande. Bwana Kufuli alikuja siku hiyo akisukumwa, yeye ndani ya gari na vijana wanne nyuma, akataka kubadilishana tena. Ikabidi aelezwe kwamba hata hilo linahitaji kibali. Na kila Jumamosi Nikwambie, katika suti yake, huwatembeza wageni uani, kwa kuwa mwenye mali ndiye aliyepewa kazi hiyo, na jioni hupanda ngazi kuziba bati. Hujikaza asiongeze chumvi. Siku nyingine humshinda.

Jumamosi moja mgeni mmoja, mama mwenye kofia pana, alimkuta binti wa fundi ameketi kwenye ukingo wa birika, anaosha soksi zake za shule.

"Na wewe, mrembo," akamuuliza, "umekuja kutembea na nani?"

Mtoto aliikamua soksi, akaianika.

"Mimi nakaa hapa," akasema.