Makapteni Wawili wa Mafinga

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi kali. Leo Umoja wa Maseremala tumechagua mwenyekiti, kwenye karakana ya Mzee Tadeo. Wagombea wawili: mimi, Vitus, fundi wa milango, na Zabron, fundi wa vitanda vinavyolia mtu akijigeuza. Wanachama ishirini na wawili. Kura kumi na moja kwangu, kumi na moja kwake. Tukarudia. Vilevile. Mara ya tatu, vilevile tena! Nilijipigia kura mara zote tatu. Naye alijipigia, nilimwona.

Hapo nikasimama. Wiki iliyopita, nikisubiri gundi ikauke, nilisoma kwenye simu habari za nchi iitwayo San Marino. Nikawaeleza. Iko Ulaya, juu ya mlima, imezungukwa na Italia pande zote. Kilomita za mraba sitini na moja tu! Msitu wetu wa Sao Hill unaimeza mara ishirini. Na wakuu wa nchi ni wawili. Wanaitwa makapteni. Wanatawala pamoja miezi sita, nguvu sawa, mmoja akikataa jambo, limekataliwa. Miaka zaidi ya mia saba wanafanya hivyo, na nchi bado ipo. Kwa nini sisi tusiwe na makapteni wawili?

Zabron alinitazama kama mtu aliyewekewa chumvi kwenye chai. Lakini baridi ilikuwa inauma na watu walitaka kwenda nyumbani. Wakapiga makofi. Happy, katibu wetu, binti makini kupita kiasi, akauliza kama utaratibu huo una kipengele kingine. Nikasema hapana. Kilikuwepo kimoja mwishoni, ila sikukisoma. Gundi ilikuwa imeshakauka.

Mimi ni mkuu wa nchi! Nusu, lakini mkuu.

Jumanne, 3 Juni

Makabidhiano. Ugomvi ukaanza kwenye mhuri. Zabron aliunyakua kabla Happy hajamaliza kusoma orodha ya mali. Nikachukua pedi ya wino. Watu wakacheka, wakadhani nimeshindwa. Hawafikirii! Mhuri bila wino ni kipande cha mti. Nimeitia pedi mfukoni mwa koti na sitaitoa mpaka niombwe kwa heshima.

Mchana nimeandika KAPTENI kwa chaki kwenye mlango wa karakana yangu. Jioni Matilda, mke wangu, ameuliza kama kapteni anaruhusiwa kutengeneza rafu ya jikoni iliyoanguka tangu Pasaka. Nimemjibu kwamba mambo ya nchi yanakwenda kwa hatua.

Jumatano, 4 Juni

Habari kubwa! Amekuja Sista kutoka Kilolo, mkuu wa shule mpya. Anataka madawati mia mbili. Mia mbili! Kila karakana itapata kazi ya miezi miwili. Anachohitaji ni barua ya Umoja yenye mhuri. Ijumaa saa tisa alasiri anaondoka Mafinga. Asipokuwa nayo mkononi, atawapa watu wengine wa mjini Iringa.

Ilibidi tumpokee wote wawili. Tukagombania kukaa upande wa kulia wake. Mwishowe Sista akahamia kwenye benchi peke yake. Ili kumwonyesha kwamba anaongea na watu waliosoma, nikamweleza uchumi wa San Marino: watalii wanapanda mlimani kuangalia minara mitatu, na watu wa nchi za mbali wananunua stempu zao za posta kwa ajili ya kuziweka tu kwenye vitabu. Akauliza kwa upole kama wanatengeneza madawati. Nikasema ndiyo, sana. Sijui. Nimemdanganya mtawa na sijui hata kwa faida gani.

Mzee Tadeo hajapata kazi ya maana tangu Krismasi. Akaniambia ameshazungumza na jirani yake ampe mbao, aanze kupiga randa leoleo. Nikamwambia aanze bila wasiwasi. Nikampigapiga bega, kama kapteni.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika haraka. Sitaki kuandika kabisa.

Saa nne asubuhi Happy alimaliza barua. Ikabaki mhuri. Zabron alikuwa nao kwenye karakana yake. Mimi nilikuwa na pedi nyumbani kwangu. Ni hatua arobaini, nimewahi kuzihesabu. Happy akaja kuniambia niende kwa Zabron. Nikamwambia kapteni hamfuati kapteni. Mwambie yeye aje. Akaenda. Akarudi: Zabron anasema mwenye wino ndiye anayepeleka wino. Nikasema mwenye mhuri ndiye anayetafuta wino. Akaenda. Akarudi. Mara ya tano akaniomba pedi aipeleke mwenyewe. Nikakataa! Nikasema ni suala la katiba. Akasimama mlangoni na ile barua, macho yamemjaa machozi.

"Fundi Vitus," akasema, "nakuomba. Ni saa saba sasa."

Nikamwambia Zabron atalainika tu. Nikachoma hindi. Nikalila taratibu, dirishani, ili Zabron aone kwamba sina haraka. Naye alikuwa mlangoni kwake anakunywa uji, ili nimwone.

Saa tisa kasoro dakika kumi gari la Sista likawashwa. Nilisikia. Nikatoka mbio na pedi. Zabron naye akatoka mbio na mhuri. Tukakutana katikati ya barabara, tukagonga mhuri kwenye mgongo wa Happy maana hapakuwa na meza, karatasi ikatoboka. Tulipofika kona, gari lilikuwa limeshashika njia ya Iringa. Tukabaki tunalitazama. Zabron akasema ni kosa langu. Nikasema ni lake. Happy akaikunja barua yake.

Jumamosi, 7 Juni

Kikao cha dharura. Nikaamka mapema nikajifunga shuka shingoni na kukohoa njia nzima. Nikawaambia wanachama kwamba jana nilikuwa na homa kali, sikuweza kunyanyuka kitandani. Nilikohoa vizuri, bila kumtazama Happy wala Zabron. Mama mmoja anayepaka vanishi akanipa pole. Nikaipokea ile pole.

Wakatuondoa madarakani kwa sauti moja. San Marino miezi sita, Mafinga siku sita.

Nikadhani yamekwisha. Lakini Happy akasimama na simu yake. Alikuwa amekisoma kile kipengele cha mwisho! Huko San Marino, makapteni wakimaliza muda wao, raia wanapewa siku tatu za kupeleka malalamiko juu yao. Akauliza wanachama kama tunafuata utaratibu wote au nusu. Wakasema wote. Walisema kwa furaha ambayo sikuipenda.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya kwanza ya malalamiko. Tumekalishwa mbele, mimi na Zabron, kwenye stuli mbili alizotengeneza yeye. Zinayumba. Hakuna aliyekuja! Tumekaa saa tatu. Tumeanza hata kuongea kidogo, juu ya bei ya misumari. Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Watu wananiheshimu bado.

Jumanne, 10 Juni

Walikuwa wanajipanga tu.

Kumi na wanne wamesema. Mmoja kalalamika kuhusu chaki ya mlangoni. Mwingine kwamba niliwataka waniamkie kwa kusimama. Kweli, nilitaka, Jumanne iliyopita, kwa saa chache. Zabron kalaumiwa kwa kulala na mhuri chini ya mto. Nilicheka. Nikaambiwa ninyamaze.

Halafu akasimama Matilda. Nikasema mke wangu si mwanachama. Happy akasema kipengele kinataja raia, na Mama Clement ni raia. Matilda hakupaza sauti. Hakunitazama hata.

"Mimi nina moja tu," akasema. "Baba Clement hakuwa na homa. Alikuwa dirishani anakula hindi. Nilimwambia aende, akaniambia nisiingilie. Jana jioni nimeona watu wanamletea maziwa ya mgonjwa, na mimi ndiye niliyeyapokea mlangoni. Sitaki kuyapokea tena."

Yule mama wa vanishi akaangalia chini. Maziwa yalikuwa yake. Nilikuwa nimeyanywa yote. Masikio yaliniwaka kama nimeyaegemeza kwenye jiko.

Wa mwisho Mzee Tadeo. Nilidhani atatutukana, na nilitamani atutukane. Akasimama, akavua kofia.

"Mimi nilishapiga randa mbao za madawati ishirini," akasema. "Nilitaka tu mjue."

Akakaa.

Zabron alikuwa analia. Nami nilikuwa natazama msumari sakafuni, sikuweza kutazama kingine.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Tadeo asubuhi. Nilizunguka nyumba yake mara mbili kabla ya kubisha. Mbao zake zimepangwa ukutani, laini, nyeupe, zimefunikwa kwa gunia zisipate umande. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikanipotea. Nikasema tu kwamba nilikosea, na kwamba nilisema uongo.

Akanikaribisha kiti. Akanipa chai. Akasema kazi nyingine itakuja, mbao haziozi kwa wiki moja. Hakuniambia nimesamehewa wala sijasamehewa. Akaniuliza hali ya nyumbani.

Zabron alikuwa ameshafika kabla yangu. Ameomba radhi na amenunua kwake mbao sita za kutengenezea vitanda. Hata kwenye toba amenitangulia!

Mwenyekiti mpya ni Happy. Mmoja tu. Kapigiwa kura ishirini na mbili. Leo mchana kampigia Sista simu, akamweleza ukweli wote. Sista amesema madawati hamsini bado hayana mtu, akaagiza barua apelekewe kesho. Hayo hamsini atatengeneza Mzee Tadeo na wale wasio na kazi. Mimi simo. Ni haki. Nimeitengeneza rafu ya jikoni. Matilda amesema asante, bila kuniita jina.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetafakari sana. Kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa kuchagua nchi ambayo viongozi wake wanaishi humohumo!

Leo nimesoma kuhusu Andorra. Iko milimani, kati ya Ufaransa na Hispania. Wana wakuu wawili pia, lakini mmoja ni askofu na anaishi Hispania, mwingine ni rais wa Ufaransa na anaishi Paris. Hawagongani. Hawaonekani. Nani atamlalamikia mtu aliye mbali hivyo?

Nina shemeji yangu Mbeya, ana chumba cha wageni. Ningeuongoza Umoja kwa simu kutoka huko, vizuri kabisa. Nimemwandikia Happy aliweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho. Amesoma ujumbe. Hajajibu bado. Bila shaka anatafuta maneno ya kunipongeza.