Miji Niliyowanyang'anya Watoto wa Chekechea

Jumatatu, 4 Agosti

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Nikamuuliza umebakiza muda gani. Akasema nisiupandishe ngazi wala nisiupe mambo ya kuuhangaisha. Hajajibu swali! Nimefundisha jiografia miaka thelathini na saba. Mwanafunzi anayekwepa swali namjua.

Basi nimenunua daftari. Nitakiri hila zangu zote humu, nife mwepesi. Belinda, binti yangu, ukilisoma daftari hili nitakuwa nimeshazikwa Tukuyu kando ya mama yako, kama mlivyoniahidi. Kwa hiyo huwezi kunigombeza.

Nakiri la kwanza. Nakichukia Kihispania.

Mjukuu wangu Bupe ana miaka mitano. Tangu Januari anasoma chekechea iliyo nyuma ya ghorofa letu hapa South Beach, Durban. Ukishavuka geti ni Kihispania tu. Kunawa, kulia, kugombana, kuomba kwenda chooni. Belinda anasema lugha hufungua milango, na kampuni yake kule Mobeni inaagiza mashine zake Hispania. Sawa. Mbona mlango wangu umefungwa? Mwaka jana mtoto alikuwa akinisimulia mpaka nasinzia. Leo namsalimu kwa Kiswahili, ananijibu "hola". Ananiita abuelo. Wanasema maana yake ni babu. Babu wa nani?

Sidai kikubwa. Nataka kukisikia Kiswahili kinywani mwake mara moja kabla sijaondoka.

Na nimeapa: hila basi. Nitaomba kwa upole.

Jumanne, 5 Agosti

Upole ulishindwa saa mbili asubuhi.

Hila ya kwanza: njaa. Biskuti hazitoki kabatini mpaka aziombe kwa Kiswahili. Bupe akanitazama kwa huruma, akatoka, akagonga mlango wa mbele yetu kwa Mzee Dawood. Akarudi na biskuti mbili na sambusa.

Huyu Dawood kazaliwa hapahapa Durban. Wazee wake walitoka pwani ya kwetu, na Kiswahili kilichomfikia yeye ni salamu na matusi. Mjukuu wake Safiyyah anasoma darasa moja na Bupe. Dawood akachomoza kichwa mlangoni kwangu, kwa Kiingereza chake: "Eish, Mwalimu! Mtoto unamnyima chakula?" Kisha akanijulisha, bila kuulizwa, kwamba Safiyyah anahesabu hadi hamsini kwa Kihispania. Na kwamba Ijumaa hii yeye ndiye mgeni wa darasa. Kila Ijumaa hualikwa babu au bibi mmoja kuwasimulia watoto hadithi. Ameshanunua na tai.

Tai!

Hila ya pili, jioni: kufa. Nikalala chali, mikono kifuani, nikamwita Bupe kwa sauti ya kukatika aje anipe neno la mwisho. Akaja na mkoba wake wa udaktari wa plastiki. Akanipima goti. Akatoa maelezo marefu kwa Kihispania, nadhani ni dawa. Halafu Belinda akaleta chai na keki ya ndizi. Nikaamka. Mtu hawezi kufa keki ikipoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nakiri dhambi kubwa. Nimemdanganya Dawood kwenye lifti. Nimemwambia kesho shule haipokei wageni kwa sababu ya Siku ya Wanawake ya huku Afrika Kusini. Siku yenyewe ni Jumamosi, lakini nilisema kwa sauti ya ualimu. Akaamini. Akasema, "Sharp, sawa, Mwalimu. Asante kwa kunistahi." Alinishukuru! Ilinichoma kidogo, kuanzia ghorofa ya tatu mpaka ya saba.

Kisha nikampigia simu mwalimu wao, Estella. Nikasema Mzee Dawood ana udhuru, mimi nipo, na Kihispania ninakijua. Ninajua maneno kumi na moja. Matatu ni ya chooni.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya ushindi! Au karibu.

Getini alikuwa Audace, mlinzi wa Kikongo. Akaniamkia vizuri, kisha akanionya: "Papa, huku ndani iko Espagnol tupu." Nikamwambia asihofu.

Estella nilimtarajia awe Mzungu. Ni dada mweusi wa Malabo, Guinea ya Ikweta, wanakozungumza Kihispania, mpole, mwenye macho yasiyodanganyika. Nilipata shida kumchukia.

Nilikuwa na mpango. Hadithi mtoto anaweza kuisikiliza kimya. Kitendawili lazima ajibu. Kwa hiyo nikamfanya Bupe mkalimani, nikatega kwa Kiswahili: mzee ana macho matatu, halali, akifumbua jekundu ng'ombe wote husimama. Bupe akakigeuza Kihispania neno kwa neno. Anaelewa yote! Yote! Na hakutamka neno hata moja la Kiswahili.

Watoto wakakwama. Mtu akikwama hutoa mji, ndiyo sheria tangu enzi za bibi yangu. Waseem, kijana mnene wa miaka mitano, akatoa Queensburgh, anakoishi. Nikaupokea na kusafiri kama inavyotakiwa: nilikwenda Queensburgh, nikalala kitanda cha Waseem, nikala mayai yote ya mama yake, wakaniambia jibu ni robot, taa za barabarani! Kwetu hapo watoto huanguka kwa kicheko. Hawa walinyamaza. Nikadhani ni heshima.

Nikatega vingine sita. Khadeeja akatoa Pinetown, anakoishi bibi yake. Safiyyah akatoa Durban nzima. Mkononi alishika taji la karatasi alilomtengenezea babu yake, akaniuliza kupitia Bupe kama babu yake anaumwa. Nikasema hapana. Nikaenda kwa mtoto mwingine haraka.

Kufika saa tano nilimiliki kila kitu kuanzia baharini hadi Pinetown.

Jumatatu, 11 Agosti

Balaa.

Ijumaa ileile Waseem aligoma kushuka kwenye gari. Alisema nyumba ni ya abuelo na mayai yamekwisha. Khadeeja alifungasha nguo za bibi yake. Safiyyah amelala siku tatu na viatu miguuni, akingoja kuhamishwa.

Hao watoto hawajawahi kutoa mji. Hakuna aliyewaambia kuwa unautoa na bado unabaki. Wala mimi sikuwaambia. Nilikuwa nashinda.

Dawood alikuja Jumamosi alfajiri na tai shingoni, nadhani ili nione. "Mwalimu, rudisha Durban! Na useme kwa nini ulinidanganya." Nikasema moyo wangu ni mgonjwa. Akasema moyo mgonjwa anaujua, huu wangu ni mchafu, kisha akanitukana kwa Kiswahili fasaha kabisa. Hata sarufi haikuwa na kosa.

Belinda hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Baba, kwa umri huu, wa kuwanyang'anya watoto nyumba?"

Leo Estella ametoa hukumu. Jumatano nitarudisha miji yote, mmoja mmoja, mbele ya darasa. Kwa Kihispania. Na Dawood atakaa kiti cha mgeni, na taji.

Jumanne, 12 Agosti

Bupe amenifundisha saa mbili nzima. Sentensi moja: nakurudishia mji wako. Nikikosea ananipiga kofi dogo la mkono na kunirudisha mwanzo. Ni mwalimu mkali. Nimejiona. Hakusema Kiswahili.

Jumatano, 13 Agosti

Andika polepole, mkono.

Nilirudisha Queensburgh. Waseem akadai na mayai. Nikarudisha Pinetown. Durban nikamkabidhi Safiyyah, na Dawood, taji limemkaa upande, akanipa mkono kwa niaba ya familia. Aliubana. Safiyyah akavua viatu papo hapo.

Nikageuka kwenda kukaa. Hapo Bupe akasimama.

"Kitendawili!"

Estella akainua kidole kuelekea kibao cha ukutani kinachosema Kihispania tu. Akakishusha.

Nikasema tega.

"Asubuhi anakufa. Chai ikija anaamka. Jioni anakufa tena."

Nikafikiri. Jua? Halinywi chai. Simu ya Belinda? Paka? Miaka thelathini na saba darasani, nimekwama! Dawood alikuwa ameshashika mbavu zake.

"Toa mji, Babu."

Babu! Si abuelo. Babu!

Nikatoa Dodoma. Akakataa. Nikatoa Mbeya. Akakataa. Akasema, "Nataka Tukuyu." Ameisikia kwangu tangu azaliwe. Nikampa. Nani angemnyima?

Akavuta pumzi, akasafiri. "Nilikwenda Tukuyu, nikala ndizi zote, nikalala kwa bibi, wakaniambia... ni wewe, Babu!"

Darasa zima likacheka, hata wasiojua neno. Mimi nililia. Dawood akanipa leso yake, akanong'ona kwamba bado hajanisamehe na nisiirudishe kabla sijaifua.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimelala vizuri. Nimekisikia. Sasa naweza kufa kwa amani.

Hivyo ndivyo nilivyodhani hadi nilipokuwa napiga mswaki. Tukuyu ni ya Bupe! Niliitoa mbele ya mashahidi kumi na wawili. Siwezi kuzikwa katika mji wa mtu.

Nikamwomba kwa upole wakati wa uji anirudishie. Akanieleza, kwa Kiswahili safi, kwamba mji haurudishwi bure, na kwamba hata Waseem alingoja mpaka Jumatano.

Basi sifi. Nimemwarifu daktari kwa simu. Amesema ndivyo anavyopendelea.

Ila Jumamosi Belinda anaoka keki. Hila mpya: kuanzia saa tisa nitakuwa mahututi. Nitalala chali, mikono kifuani, nimwombe mtoto mji wangu kwa sauti dhaifu zaidi ya ile ya kwanza. Dawood nitamwambia shughuli ni Jumapili, asije akacheka. Na safari hii chai ikija siamki.

Labda kipande kidogo. Cha pembeni.