Nani Alete Ng'ombe?

Jumamosi, 2 Desemba 2006

Sheria imeanza juzi. Wanawake wawili wanaruhusiwa kuoana, kwa mhuri wa serikali! Majaji wa Mahakama ya Katiba ndio waliolibana Bunge: mna mwaka mmoja, tengenezeni sheria. Mwaka jana nilisema majaji wamechanganyikiwa. Nilisema kwa sauti, baa nzima shahidi. Leo nimewaelewa. Mpwa wangu Zukiswa, nesi, anafunga ndoa na mwalimu Keneuoe tarehe 16. Binti akiolewa, ng'ombe wanaingia zizini. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mpokeaji ni nani? Mimi, mjomba! Majaji wana akili sana.

Dada yangu Nosizwe kaapa kwamba wajomba wa pande zote wasipoketi wakapatana, yeye kama mama harusini haonekani. Zukiswa halali kwa ajili ya hilo. Nimemwambia atulie, mimi kule migodini niliwahi kupatanisha simba na fisi. Akauliza simba waliingiaje mgodini. Nikamwambia asimkatize mtu mzima.

Jumamosi, 9 Desemba

Siku ya posa. Nimechinja kondoo. Viti kumi na viwili. Geti nimelifunga mwenyewe. Desturi ni wageni wasimame nje, mkononi chupa ya pombe ya kutufungua kinywa sisi wenyeji, waite sifa za ukoo wetu mpaka makoo yakauke.

Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Nimewaandikia faini ya kuchelewa. Saa nane Nosizwe akanusa hewa, akasema mbona kuna moshi wa nyama mtaa wa pili, kwa Tlelima, mjomba wa Keneuoe? Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia.

Geti lake limefungwa! Viti vimepangwa! Tlelima kajifunga blanketi lake la sherehe, anatazama saa. Anatusubiri sisi!

Akaniona. Akapaza sauti kwamba tumechelewa, faini ni kondoo mmoja. Nikamjibu mwenye kutaka mke ndiye anayetembea. Akasema basi nitembee. Ndoo ikateleza. Kiuno kinauma.

Jumapili, 10 Desemba

Tumebishana mbele ya kanisa. Tlelima anadai bi harusi ni Keneuoe kwa sababu ni mfupi. Ati mfupi! Nikasema bi harusi ni Zukiswa kwa sababu ndiye mpishi. Keneuoe akaingilia kwa adabu, akasema samahani mjomba, Zukiswa huunguza hata maji. Zukiswa naye akasema hapa hakuna bwana, kuna mabibi harusi wawili, kuna ugumu gani? Nikamwambia hesabu hiyo haileti ng'ombe. Akaondoka bila kuniaga. Nosizwe bado kashikilia kiapo chake.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimekitoa kitabu cha Katiba. Ninacho tangu walipotugawia bure. Bahati mbaya kurasa za mwanzo nilisokotea tumbaku. Changu kinaanzia kifungu cha kumi na mbili. Usawa upo kifungu cha tisa. Niliuvuta. Nakumbuka ulikuwa mkali.

Dawa ni moja: hakimu. Majaji wameanzisha, majaji wamalize.

Jumatano, 13 Desemba

Mahakamani, na tai shingoni. Nani kakaa kwenye benchi? Tlelima! Kaniiba wazo.

Hakimu ni mama wa miwani. Nilimweleza kwamba mimi na majaji tunajuana, niliwahi kumlindia mmoja gari lake siku nzima. Tunaomba tamko: bi harusi ni nani? Akauliza nani amevunja haki ya nani. Tukanyoosheana vidole. Akavua miwani. Akasema Katiba imewapa mabinti hawa haki sawa na ya wengine, na kazi ya mahakama ni kuilinda haki hiyo isiguswe na mtu yeyote, hata mjomba. Habari ya nani alete ng'ombe ni ya nyumbani kwenu. Mabinti wenyewe hawajauliza, yeye hakimu aulize kama nani? Kisha akatuomba tumpishe, ana kesi ya wizi wa betri.

Tlelima akacheka. Nikacheka pia, asije akacheka peke yake.

Alhamisi, 14 Desemba

Balaa! Jana tukiwa mahakamani, Nosizwe alichukua blanketi la zawadi akaelekea kwa Tlelima. Njiani akakutana na mama yake Keneuoe anakuja kwetu, naye na blanketi, na chupa. Wakasimama katikati ya barabara, pasipo na geti la mtu. Kila mmoja akausifu ukoo wa mwenzake. Wakabadilishana mablanketi. Wakafungua chupa. Basi, wamepatana! Kila upande utatoa ng'ombe mmoja, wote wachinjwe harusini.

Yaani ng'ombe wangu anatoka! Zukiswa kacheka mpaka kaketi chini, kisha akamkumbatia mama yake akalia. Mimi hakuna aliyenikumbatia.

Jumamosi, 16 Desemba

Harusi. Ofisa wa serikali akasoma maneno, wakatia saini. Nosizwe kiti cha mbele, akapiga vigelegele vya kupasua bati. Macho yangu yalitoka maji. Moshi wa nyama ule.

Zukiswa akaja kunishukuru. Akasema nisingemchukua Tlelima siku nzima mahakamani, mama zao wasingepata nafasi ya kuzungumza. Hayo ndiyo maneno! Nimeyaandika hapa yasipotee.

Jumapili, 17 Desemba

Nimetangaza baa kwamba suluhu ya mablanketi ni mpango wangu. Hakuna aliyebisha, wengi walikuwa wamelala.

Habari mpya: mtoto wa kiume wa mwenye duka la mbegu anataka kuoana na mwanamume mwenzake. Waume wawili! Hapo hakuna bi harusi kabisa, kwa hiyo nyumba zote mbili lazima zilete ng'ombe, na lazima awepo mzee wa kuwapokea katikati. Nimewapelekea barua ya kujitolea. Tlelima naye kapeleka yake, mwizi huyu. Kesho asubuhi na mapema nakwenda kwa hakimu atamke barua ya nani ilitangulia.