Saa Nane ya Botswana

Siku hiyo redio ilianza kelele kabla mafuta yangu hayajachemka. Ikasema, ikapiga wimbo, ikasema tena: sasa mtu wa Namibia anaingia Botswana kwa kitambulisho tu, na wa huko anaingia kwetu vivyo hivyo. Pasipoti ziacheni kabatini.

"Mmesikia?" Almasi akajipiga goti. "Mlango wa peponi umefunguliwa, na kadi ninayo mfukoni!"

"Nenda basi," Bahari akamjibu, mdomo umejaa. "Nani amekushika shati?"

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha pikapu iliyokufa, kimewekwa chini ya bati la duka hapa Buitepos. Kutoka hapo hadi geti la mpakani ni mwendo wa sigara moja. Mimi nakaanga vetikuku, yale maandazi yetu, ndiyo maana wananiita Bibi Mafuta. Wanaume wenyewe ni watatu, na wamekikalia kiti hicho mpaka kimechukua sura ya makalio yao.

Almasi jina lake ni Tjikuzu. Siku zote, hata Jumapili kanisani, anavaa jezi ya buluu ya timu ya taifa ya Botswana, na kila sentensi yake ina almasi za Botswana ndani. Huko Botswana kwenyewe amefika duka la kwanza baada ya geti. Alinunua sukari, akarudi. Bahari ni Uakutura. Yeye neno lake ni "sisi tuna bahari," na magharibi ya Windhoek hajawahi kukanyaga. Cha kuchekesha ni kwamba Bahari ndiye aliyezaliwa Botswana, Charles Hill, katika uzao wa wale watu wetu waliokimbilia huko wakati wa vita vya Wajerumani. Alirudi baada ya uhuru na mbuzi na blanketi mbili. Na Almasi ndiye aliyekaa pwani, miaka minne kiwanda cha samaki Walvis Bay, akarudi hataki kuona hata kopo la dagaa.

Hao ni binamu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, na kwetu binamu wa namna hiyo ana ruhusa ya kukutukana mpaka siku atakayokuzika. Wa tatu ni Waziri. Alikuwa dereva wa wizara miaka kumi na tisa, na hotuba zote alizozisikia kwenye kiti cha mbele bado zimo kichwani.

"Kule," Almasi akaendelea, "ukichimba choo unakutana na almasi!"

"Na ukimaliza kuchimba unakwenda kuogelea wapi? Kwenye choo?" Bahari akauliza. "Sisi tuna bahari!"

"Bahari unaila?"

"Almasi unaitafuna?"

"Wana pula, bwana! Pula ni pesa yenye misuli. Ukiiweka na dola yetu mfuko mmoja, dola inaomba ruhusa ya kukaa."

"Sisi tunauza mchanga, binamu! Mzungu anapanda ndege usiku kucha, anakuja kupanda kilima cha mchanga, anashuka, viatu vimejaa, analipa. Nchi gani nyingine inauza mchanga wake na mchanga haupungui?"

"Wao wana mto mkubwa unaoingia katikati ya jangwa!"

"Unaingia na kufia humo humo. Mto haujui njia! Ungeuliza, tungeuelekeza huku baharini."

"Waheshimiwa," Waziri akainua kidole, "nchi zote mbili zina changamoto na zina fursa."

"Kaa chini, Waziri!" wakasema wote wawili.

Mimi nilikuwa nageuza maandazi yangu taratibu. Nilijua kwa nini Almasi anapiga kelele kuliko siku nyingine. Ilikuwa Alhamisi, na tangu juzi maksai wake, Gavana, hakuwa ameonekana. Tulimwita Gavana kwa sababu ya tumbo. Vijana walikuwa wamepanda farasi kumtafuta. Jumamosi binti yake Vejama alikuwa anaolewa na kijana wa Charles Hill, na Gavana ndiye nyama ya harusi. Hakuna wa kumbadili. Ukoo wa Almasi hauli ng'ombe asiye na pembe, tangu mababu, na ng'ombe wa Bahari wote vichwa vyao ni kama mayai. Bila Gavana, wakwe wangekula wali na kabichi, na Vejama angeitwa Kabichi mpaka uzee.

Basi simu ya Almasi ikalia. Simu hiyo imeharibika, haiongei ila kwa kipaza sauti, kwa hiyo mambo ya nyumba yake tunayajua wote. Alikuwa mkwe wake, baba wa bwana harusi, anapiga kutoka upande wa pili.

"Mkwe, hivi wewe una ng'ombe mwekundu, kiraka cheupe tumboni, pembe ya kushoto imeinama kama anayesikiliza?"

Almasi akaruka. "Ndiye Gavana! Yuko wapi?"

"Yuko huku. Mvua imenyesha, anakula nyasi za serikali ya Botswana."

Bahari alianguka kutoka kwenye kiti kwa kicheko. "Gavana amekimbia nchi! Amesikia redio! Hata kitambulisho hana!"

Lakini Almasi hakucheka. Hapa kwetu mtoto anajua hili kabla ya kujua a, e, i, o, u: ng'ombe akivuka ule uzio wa mpakani, harudi. Ni kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Kule wakimkuta mgeni wanampiga risasi na kumchoma moto. Na akirudi huku ikajulikana alikuwa kule, wetu nao wanafanya hivyo hivyo. Haonjwi hata mkia.

"Tatizo, mkwe," simu ikasema, "jirani yangu mbea ameshawapigia watu wa mifugo. Wanakuja saa nane."

"Saa nane ipi?" Almasi akauliza kwa sauti ndogo. "Ile ya kusema tu, au..."

"Saa nane ya Botswana."

Maana yake saa nane kamili.

Almasi akakata simu, akatazama saa yake. Saa sita na nusu. "Hawa watu," akasema, "hawana foleni? Hawana msiba? Hata chai hawanywi?"

Bahari alikuwa amerudi kitini, amekaa vizuri kama anayesubiri kupakuliwa. "Binamu, si jana tu ulituambia gari la serikali ya Botswana halijui kuharibika?"

"Nilitia chumvi!"

"Ulisema barabara zao ukiweka yai juu ya boneti linafika zima."

"Yai gani? Mimi nimeona barabara zao wapi? Mimi nilinunua sukari!"

"Ulisema afisa wao huwezi kumpa hata soda."

"Labda ikiwa baridi..." Almasi akasema, na nilimwona anafikiria kweli. "Bahari, wewe umezaliwa huko. Niambie ukweli. Hawachelewi kabisa?"

Bahari akajikuna shingo. "Marehemu baba alichelewa kliniki kwa robo saa, wakamhubiria nusu saa."

"Mungu wangu."

Hapo ndipo tulipogundua Waziri hayupo. Akatokea nyuma ya duka, anarudisha simu mfukoni, amejaa heshima. "Nimelishughulikia. Nimewajulisha wa kwetu. Serikali kwa serikali."

"Umewajulisha nini?" Almasi akauliza.

"Kwamba Gavana yuko Botswana."

Nilidhani Almasi atamrukia. Bahari ndiye aliyemshika mkono. "Tulia, binamu, tulia. Wetu hao! Waliahidi kuja kuchanja mbuzi mwaka juzi, mbuzi wamesubiri mpaka wamekufa kwa uzee. Watafika Vejama akiwa bibi."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Nchi yetu haiwezi kukufanyia hivyo."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza, miaka kumi na mmoja ya kukaa na watu hawa, kumsikia Bahari anaisema Namibia vibaya ili kumfariji mtu, na Almasi anafarijika.

Wakakaa. Saa saba ikaja. Hakuna aliyetaja almasi, hakuna aliyetaja bahari. Almasi alikula vetikuku tano bila kujua.

Saa saba na nusu nikainua macho, nikamwona. Kutoka mashariki, kandokando ya uzio, pale tandala walipouangusha wiki ile, Gavana anakuja. Hana haraka. Anatembea kama mtu aliyetoka kazini. Akatupita sisi wote bila salamu, akaenda kwenye birika la kunyweshea mifugo pale dukani, akatia mdomo, akanywa. Akanywa mpaka tumbo likakumbuka jina lake.

Simu ikalia. "Mkwe, ng'ombe wako simwoni tena. Nadhani ni maji. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hakuyataka."

"Sikujui!" Almasi akapiga kelele. "Hujawahi kunipigia! Jumamosi njoo na njaa!" Akakata. Akamkumbatia Gavana shingoni, jezi na mate vikawa kitu kimoja.

Bahari akainua mikono juu. "Gavana ameionja Botswana, amerudi nyumbani! Kura imehesabiwa! Uchaguzi umek..."

Hakumaliza. Gari jeupe la wizara lilikuwa linasimama mbele ya duka.

Waziri akatazama saa yake. "Saa moja na dakika tano tangu nilipopiga," akasema kwa machozi ya fahari. "Wangekuwa hivi enzi zangu!"

"Namibia, leo?" Almasi akanong'ona. "Leo ndiyo unaamua kuendelea?"

Akashuka binti mmoja, buti refu, karatasi mkononi. Akajitambulisha: afisa wa mifugo, jina lake Gaoses. Akamtazama Gavana, akatutazama sisi.

"Nimeambiwa kuna ng'ombe amevuka kwenda Botswana."

"Botswana?" Almasi akashangaa kama hajawahi kulisikia neno hilo. "Akafanye nini Botswana? Kuna nini huko? Almasi, almasi, ng'ombe atazitafuna?"

Bahari akageuka kutazama duka. Mabega yalikuwa yanacheza.

"Mbona wewe mzee umevaa jezi yao?"

"Hii?" Almasi akajitazama kifuani. Kisha akaivua, mbele yetu wote, akabaki na fulana iliyotoboka, akampangusa nayo Gavana makamasi, tundu hili la pua, na lile. "Hii ni tambara, afisa."

Binti akamgeukia Bahari. "Na wewe unasemaje?"

"Afisa, sisi tuna bahari. Ng'ombe gani mwenye akili aache nchi yenye bahari?"

"Umewahi kuiona?"

"Bado."

"Mimi nimeiona!" Almasi akadakia. "Miaka minne kiwanda cha samaki! Nzuri! Kubwa! Na ile harufu, mwanangu, asubuhi unaamka unajisikia uko bustanini."

"Walvis Bay?"

"Hapo hapo!"

"Nimezaliwa hapo, mzee," akasema binti. "Nyuma ya kiwanda."

Waziri akafungua mdomo kutaja changamoto na fursa, Bahari akamziba kwa andazi.

Afisa akanijia mimi. "Bibi, nawe ulimwona akitoka?"

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi tangu asubuhi naangalia mafuta. Ukiyaondolea macho kidogo tu yanaunguza." Nikampa vetikuku ya moto kwenye karatasi. Sikusema uongo. Mafuta yako hivyo.

Akala. Kisha akaenda kwa Gavana, akamfungua mdomo, akatazama ulimi na fizi, akainua mguu mmoja mmoja. Alichukua muda. Almasi alikuwa ameikamata ile jezi yenye makamasi mikononi kama mtu anayesali.

"Hana kidonda," akasema mwisho. "Kwato safi. Naandika kwamba ng'ombe yupo kwa mwenyewe. Na ule uzio ulioanguka nimeuona nikija; utengenezwe leo, nakwenda kuusimamia mwenyewe." Akafunga kalamu. "Mnyama mzuri. Wa kuuza?"

"Wa harusi, ya binti yangu," Almasi akajibu, na sasa sauti ilikuwa ya baba tu. "Jumamosi. Karibu sana, afisa. Meza ya mbele."

"Nitakuja, lazima niikague nyama. Saa ngapi?"

"Saa nane."

Binti akapanda gari, akawasha, akateremsha kioo.

"Saa nane ya wapi, mzee?"

Bahari akamtazama Almasi. Waziri akaacha kutafuna. Almasi akaikunjua ile jezi taratibu, akaikung'uta, akaivaa tena na makamasi yake yote.

"Ya Botswana, mwanangu. Usichelewe."